Hotuba Mbili za Mkoka Moto

Tamotsu Kuramoto alizaliwa nyuma ya tanuri, na kama si mke wake angezeekea na kufia huko huko nyuma ya tanuri bila mtu kuijua sura yake. Sitii chumvi. Hamamu la Kuramoto lipo uchochoroni kwetu hapa Sakai tangu enzi za babu yake, na kazi ya wanaume wa nyumba ile ni moja tu: kukaa uani kwenye joto, kupasua mbao kuukuu za nyumba zilizobomolewa, kulilisha tanuri, na kunyamaza. Wanaokaa mbele ni wanawake. Kile kiti cha juu kilicho kati ya mlango wa wanaume na mlango wa wanawake kilikuwa cha bibi yake, kikawa cha mama yake, na alipooa kikawa cha Fusae.

Fusae aliletwa na mshenga kutoka Wakayama, kwa wakulima wa machenza. Alikuja binti wa kucheka, mashavu yamejaa, na siku ya kwanza tu mama mkwe wake, Bi Toyo, alimpandisha akamshusha kwa macho, akasema, "Huyu wa machenza atauweza moshi?"

Akauweza. Akauweza moshi, akamweza na Bi Toyo mwenyewe, jambo lililomshinda hata marehemu mumewe. Alizaa binti mmoja, Norie, ambaye siku hizi ana nyumba yake Nagoya. Alijua majina ya wateja wote na magonjwa yao ya magoti. Alijua nani hasemi na nani, ili asiwape makapu ya nguo yaliyo jirani. Watu walikuwa wanakuja kuoga hata kama kwao kuna bafu, kisa Fusae.

Na Tamotsu je, alimpenda? Mnh. Ungemuuliza hivyo angekutumbulia macho kama mtu aliyeulizwa kama anaipenda mikono yake. Si mtu mbaya, tuelewane. Hakuwahi kumwinulia mkono, hakuwa mlevi, hakuwa na nyumba ya pili mtaa wa tatu. Ila maneno hakuyajua. Anajua mti gani unawaka polepole na mti gani unarusha cheche. Ukimwambia "sema neno na mkeo" anakuna kichwa.

Basi Bi Toyo akaanguka bafuni, akavunjika nyonga, akalala kitandani miaka. Aliyemlisha ni Fusae. Aliyemgeuza asipate vidonda, aliyembadilisha nepi, aliyemfuta, ni Fusae. Yuko pale juu anampa mtu taulo, kengele ya mgonjwa inalia ndani, anaruka, anarudi, mikono bado inanuka dawa, anatabasamu: "Karibuni, maji leo mazuri." Bi Toyo hakusema asante hata siku moja. Alisema uji una chumvi nyingi. Kesho yake akasema uji hauna chumvi.

Alipokufa, Tamotsu, kwa kuwa ndiye mwana mkubwa, akasimama mbele ya jeneza kutoa hotuba ya mfiwa. Na hapo ndipo mdomo ulipomponza.

Kwetu mtu hasifu cha kwake mbele za watu. Ukipeleka zawadi unasema ni takataka tu, mpokee. Mwanao akiwa wa kwanza darasani unasema ni bahati, kichwa chenyewe kizito. Na mke ndiye wa kupondwa kuliko vyote. Kadiri unavyomponda ndivyo watu wanavyoona kwamba umelelewa. Tamotsu alivaa suti nyeusi ya baba yake, akainama, akasema maneno aliyoyasikia tangu utotoni:

"Mke wangu huyu mpumbavu hakuweza kumhudumia marehemu inavyostahili. Kwa upungufu wake wote, nawaomba radhi."

Watu wakainama. Baba yake mdogo, mzee Kiyomatsu, akamgusa bega. "Umesema vizuri sana. Baba yako alisema vivyo hivyo alipofiwa na mama yake."

Fusae naye aliinama, kama inavyotakiwa. Alipoinuka hakuwa Fusae yule.

Tangu siku hiyo hakumsemesha mumewe tena. Chai aliiweka, chakula alipakua, nguo alifua, ila neno hakuna. Na kwa kuwa hamamu haliendeshwi kwa ububu, wateja wakageuzwa matarishi. Pale kwenye ukuta wa bafu la wanawake, juu ya mabomba, kuna kidirisha cha mbao kinachoelekea uani kwenye tanuri, cha kupazia sauti. Ungemsikia Fusae kwenye kiti chake:

"Mama Okuno, samahani. Mwambie mtu wa huko nyuma maji yanababua."

Mama Okuno ni mjane muuza tofu, mdomo wake hauna breki. Alikuwa anaenda kwenye kidirisha na taulo kichwani, anagonga kwa ndoo: "Mtu wa nyuma! Mtu wa mbele anasema unatuchemsha kama mayai!"

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia!"

"Mwambie kusikia si kazi. Kazi ni kupunguza."

"Kasema upunguze, mzee, ngozi za watu zinatoka!"

Bafu zima lilikuwa linacheka, na wanaume ng'ambo ya ukuta wakicheka pia, maana ukuta ule haufiki darini. Tamotsu huko nyuma naye alitabasamu, masikini. Alidhani ni mzaha wa wanawake, utapita.

Haukupita. Akaanza kutafuta kosa. Labda ni paa la chumba cha kulala linalovuja, akapanda akaliziba. Labda ni kelele zake za kukoroma. Akahamishia godoro lake sebuleni. Alinunua samaki aina anayopenda Fusae, akaleta na birika jipya la chai. Fusae alikipokea kila kitu kwa kichwa, kama mtu anayepokea barua za jirani. Hotuba haikumjia akilini hata mara moja. Angewazaje hotuba, na watu wazima walimpongeza?

Mpaka asubuhi moja ya vuli, alipokuwa anaburuta mbao kupita chini ya dirisha la jikoni, akamsikia mkewe akizungumza na binti yao kwenye simu.

"Kisomo cha mwaka wa bibi yako kikiisha, nakwenda kwa mama yako mkubwa Wakayama. Nimekwisha kuzungumza naye, chumba kipo," Fusae alikuwa anasema, taratibu, kama anayepanga mboga za jioni. "Kurudi? Sirudi. Na nisikilize vizuri, Norie. Nikifa msinitie kwenye kaburi la Kuramoto. Nilikaa na mama yule akiwa hai, ikatosha. Na baba yako... Zikeni majivu yangu kwenye machenza."

Tamotsu aliangusha mbao mguuni, hakusikia maumivu. Mtu anaweza kuachwa, sawa, yanatokea. Lakini kaburi! Kaburi la ukoo ndipo mume na mke wanapokaa mpaka mwisho wa dunia. Mwanamke anayelikataa hajakasirika tu. Amekukataa wewe hata ukiwa majivu. Alirudi nyuma ya tanuri akakaa juu ya gogo, na moto ukazimika mbele ya macho yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu apewe lile koleo la makaa.

Jioni hiyo maji yalikuwa baridi, na Mama Okuno hakungoja kutumwa. Alizunguka uani na kanga zake za kuogea, kandambili zinalia pwata pwata.

"Wewe mwanamume, unataka kutuua na kichomi?"

"Mama Okuno," Tamotsu akasema, "nimefanya nini?"

Yule mama alimtazama, akaona uso wa mtu aliyechanganyikiwa, akashusha sauti. "Hujui? Kweli hujui?"

"Paa nimeziba."

"Paa!" Mama Okuno alijipiga paja. "Ee jamani. Paa! Ulisimama mbele ya mtaa mzima, maiti ya mama yako haijatoka mlangoni, ukasema mkeo hakumtunza. Mwanamke ambaye mikono yake imechubuka kwa kufua nepi za mama yako!"

"Lakini ndivyo husemwa. Kila mtu husema. Hata marehemu mzee wako—"

"Hata marehemu mzee wangu, na mpaka leo nikienda kaburini namwekea maua yaliyonyauka." Akajifunga taulo vizuri. "Sisi wanawake tunajua ni maneno ya adabu. Tunajua, Tamotsu. Akisema mwanamume anayesema na maneno mengine, tunacheka, yanapita. Wewe je? Wewe miaka yote hukumwambia mkeo neno lolote, si zuri si baya. Siku umefungua kinywa juu yake, ndiyo hayo. Hana jingine la kuyafutia."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tamotsu akainuka, akaanza kupanga kuni upya tanurini, kisha akasema, "Nitarekebisha. Kwenye kisomo cha mwaka nitatoa hotuba nyingine."

"Hee! Wewe ukishika shoka sina wasiwasi," Mama Okuno akasema, akiondoka. "Ukishika hotuba, mizimu itunusuru."

Ila alishika. Wiki nzima alikuwa analisemea tanuri. Ungepita uchochoroni ungesikia huko nyuma mtu ananguruma, "Mke wangu... mke wangu ndiye..." halafu shoka, pwa! halafu tena, "Mke wangu ndiye..."

Siku ya kisomo watawa wakasoma hekaluni, ubani ukafukizwa, watu wakahamia kwenye mikeka ya chakula. Norie alikuwa amekuja kutoka Nagoya. Mzee Kiyomatsu alikaa mahali pa heshima, mbele yake bakuli la wali na samaki mzima. Tamotsu akasimama. Jasho lilikuwa linamtoka kama yuko kazini.

"Mwaka jana nilisema uongo," akaanza.

Vijiti vya kulia vikasimama hewani.

"Mke wangu si mpumbavu. Mke wangu ndiye mwanamke bora kuliko wote waliokaa hapa. Wengine wenu hamkuja hata kumjulia hali mama. Yeye alimtunza usiku na mchana. Hakuna mke kama wangu. Nimemaliza."

Akakaa. Alikuwa na furaha, kama mtu aliyetua mzigo.

Lo! Kimya kilichofuata, ungesikia samaki akipumua kwenye bakuli. Kusifu mke wako mbele za watu tayari ni kama kujipigia makofi. Kumsifu kwa kuwatukana wageni waliokuja na zawadi mikononi ni jambo lisilo na jina. Shangazi mmoja alikohoa. Mzee Kiyomatsu ndiye aliyevunja ukimya, akacheka kwa nguvu: "Huyu bwana leo amelewa kabla hajanywa!" Na wote wakapata pa kutokea, wakacheka, na huku wakicheka wakawa wanamtazama Fusae. Wanamtazama kuona kama ndiye aliyempangia maneno.

Fusae alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alitoka kwenye mkeka wake, akapiga magoti, akagusisha paji la uso sakafuni mbele ya wageni wote. "Tusameheni, tafadhali. Mume wangu ni mtu wa tanuri, hajui asemalo. Endeleeni kula, chakula chenyewe si kitu." Sauti yake ilikuwa tamu. Migongo ya mikono yake ilikuwa inaruka mishipa.

Njiani kurudi walikuwa watatu, Norie katikati. Hapakuwa na mteja wa kutumwa, akatumwa mtoto.

"Norie, mwambie baba yako. Aliponivunjia heshima aliita watu. Leo ananirudishia, ameita watu. Mimi mwenyewe sina masikio?"

"Mama, mwambie basi mwenyewe, si huyu hapa—"

"Mwambie."

Norie alimgeukia baba yake, machozi yanamlengalenga. Tamotsu aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Safari hii alisikia kweli. Jioni hiyo Norie alirudi Nagoya kwa mumewe, akawaacha wenyewe, na Fusae akatoa sanduku juu ya kabati. Treni ya Wakayama aliyokusudia ilikuwa ya kesho yake alasiri.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya wiki, hamamu limefungwa. Tamotsu aliamka akakaa juu ya gogo lake mbele ya tanuri baridi. Aende ndani akamwambie? Aseme nini? Kila akifungua kinywa mbele ya mtu huharibu. Alimsikia Fusae juu, akifungua droo na kufunga droo. Na huko kukaa kwake, mikono mitupu, akawaza jambo ambalo unaweza kushangaa kwamba halikumjia mapema: hajawahi kumkokea Fusae maji.

Ni hivi. Maji ya kwanza, yale safi, yanayochoma, ambayo mwili wa mtu haujayagusa, yana heshima yake. Nyumbani huoga mgeni kwanza akiwepo, kisha baba, kisha watoto wa kiume. Mke aliyeolewa ndiye wa mwisho, anaoga masazo. Kwenye hamamu ndiyo balaa zaidi. Wazee hupanga foleni kabla ya kufungua kuyagombea maji ya kwanza. Fusae tangu aje alioga baada ya mtaa mzima, maji vuguvugu yana povu la watu na unywele wa mtu, na akitoka humo humo anashika brashi anasugua vigae. Tamotsu huyu huyu, aliyekuwa akipanda kidirishani kila siku ya kazi kumuuliza mteja wa kwanza "Maji vipi?", hakuwahi kumuuliza yeye.

Alisimama. Alimwaga birika la kuogea la wanawake lote, akalisugua mwenyewe kwa brashi mpaka magoti yakamuuma, akalijaza upya. Halafu akachagua kuni. Hakuchukua mbao za kubomolewa zenye misumari na rangi; alitoa magogo ya mwaloni yaliyokauka vizuri, aliyoyaweka akiba ya mwaka mpya. Akakoka.

Moshi wa Kuramoto siku ya mapumziko! Uchochoro mzima uliinua shingo. Haikuchukua muda, Mama Okuno na wenzake wawili wakawa mlangoni na mabeseni yao.

"Mmefungua leo?"

"Hatujafungua," Tamotsu akasema kutoka uani.

"Na moshi?"

"Moshi ni wa mtu mmoja. Nendeni nyumbani."

Mama Okuno alifungua kinywa, akakifunga, akamshika mwenzake mkono. Hawakwenda nyumbani, bila shaka. Walikaa kwenye benchi la nje kama watu waliochoka sana kutembea.

Fusae aliona moshi akiwa juu dirishani, akashuka ngazi na soksi. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alimjia mumewe uso kwa uso, na hasira ikasahau kwamba amenuna.

"Umechanganyikiwa? Kuni za mwaka mpya unachoma siku iliyofungwa! Nani anaoga leo? Nani?"

Tamotsu alivua kitambaa kichwani. Alitaka kusema mengi. Alisema, "Maji ya kwanza. Yako."

Fusae alisimama. Aliutazama moto, akamtazama mumewe, magoti yake yaliyolowa, brashi iliyolala pembeni. "Nina treni," akasema.

"Najua. Oga ndipo uende."

Akageuka akaingia ndani, na Tamotsu hakujua kama amekwenda kwenye sanduku au kwenye maji. Alikaa akitega sikio. Akasikia mlango wa wanawake. Akasikia ndoo ya mbao ikigonga kigae, maji yakimwagwa mara kadhaa mwilini kama ilivyo desturi, halafu ule mlio wa mtu kuingia katika birika lililojaa mpaka ukingoni, maji yakifurika nje kwa wingi, shaaa. Na sauti ndogo iliyomtoka Fusae bila kupenda, "Aaah."

Tamotsu alipanda kwenye kidirisha. Kilikuwa kimefungwa, hakukifungua. "Maji vipi?" akauliza.

Akagonga ubao kwa kidole.

"Nauliza, maji vipi?"

"Makali," Fusae akasema. Halafu baadaye, "Yanauma vizuri."

Akatia gogo moja. Akarudi kidirishani. Ng'ambo akasikia kitu kama kikohozi, akakijua si kikohozi.

"Unalia?"

"Nanawa uso."

Nje kwenye benchi, wanawake watatu hawakupumua.

"Siku ile," Fusae akasema, na sauti yake kwenye vigae ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka, "mbele ya jeneza. Uliyaamini uliyosema?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Nilisema kwa sababu ndivyo husemwa. Baba alimsema mama hivyo hivyo."

"Na mama yako alikaa siku mbili bila kula. Ulijua?"

"Nani, mama?"

"Aliniambia siku moja namwosha mgongo. Ndilo neno pekee la upole alilowahi kuniambia yule mwanamke. 'Mimi nilinyamaza,' akasema, 'na kunyamaza kukanigeuza jiwe.' Nikasema moyoni, mimi sitakuwa jiwe. Nitaondoka kwanza."

Tamotsu aliweka paji la uso kwenye ubao wa kidirisha, ubao una moto, akauacha umchome. Na maneno yalipokuja hayakuwa yale aliyolisemea tanuri wiki nzima.

"Nilikuwa najificha huku," akasema. "Ulipokuwa unamgeuza mama, ukaniita nikusaidie, nilisema moto hauachiki. Moto unaachika, Fusae. Hata saa nzima unaachika. Niliogopa kumwona mama alivyokuwa. Nikakuachia wewe. Halafu nikasimama nikasema hukufanya vya kutosha, mimi ambaye sikufanya kitu. Nisamehe. Hakuna mtu hapa. Nakwambia wewe peke yako."

Kwenye benchi Mama Okuno aliziba kinywa kwa taulo.

Maji yalikuwa yanacheza taratibu. Fusae aliposema tena, sauti yake ilikuwa kavu, ile aliyowazoesha wateja.

"Na nikifa mimi, utasema nini mbele za watu?"

"Sijui."

"Utasema mpumbavu. Nakujua. Utaogopa Kiyomatsu, utasema mpumbavu."

Tamotsu alifikiri kwa uaminifu wake wote. "Basi heri nitangulie mimi," akasema. "Hotuba utoe wewe."

"Nikitoa mimi, utajuta kufa."

Huko nje kicheko kilimtoka mtu, kikakatwa. Tamotsu naye alicheka, akashangaa kujisikia akicheka.

"Nijute au nisijute," akasema, "ili uitoe lazima uwepo. Usiende, Fusae. Mimi sijui kusema vizuri. Usiende."

Alingoja. Ile treni ya alasiri ya Wakayama ilisikika ikivuka daraja la mto, ikapiga honi yake, ikazidi kwenda, na ndani ya bafu maji hayakutikisika. Tamotsu alishika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili.

"Baba Norie," Fusae akaita mwishowe.

"Naam."

"Umelala huko? Maji yanapoa."

Alikimbilia kuni mpaka akajikwaa. Alipokuwa ameinama akisukuma gogo ndani ya tanuri, sauti ya mkewe ilimfuata kupitia ubaoni, yenye ukali, na wazi kwa mtaa mzima kuisikia:

"Na wiki ijayo uanze mapema. Leo umechelewa kukoka."